Kikanda: jina moja sokoni, maua mengi katika dembo

Kila siku mjini Lubumbashi kikanda kinakatwa vipande na kuuzwa, karibu na masoko, karibu na masomo, kwenye vituo vya mabasi. Wateja wako wengi, wa kila umri. Lakini swali moja dogo linabaki bila jibu: kile kipande kilitoka katika mmea gani? Jibu hilo linahusu mfuko wa wamama wanaouza, linahusu sheria ya mpakani Kasumbalesa, na linahusu maua ambayo yanaweza kuisha bila mtu kujua kwamba yalikuwako.

Kwa macho, kikanda kinafanana na sosiso nene. Wazambia, ambao wanakipenda sana na wanakiita chikanda, wamekibandika hata jina la utani: poloni ya Afrika. Nyama hamna ndani. Ni viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa, vinachanganywa na unga wa kalanga, chumvi, pilipili, na bikarbonate ao maji ya majivu. Sufuria inakaa juu ya makala, na mara nyingi makala mengine yanawekwa juu ya kifuniko, mpaka ule uji unashikana na kuwa mgumu. Kisha kisu, na kipande kinaingia katika karatasi. Wengine wanakila na bukari, wengine wanakitafuna wakitembea.

Vile viazi ni vya orkide. Watu wengi wa mjini wanashangaa wakisikia hivyo, kwa sababu orkide wanayoijua ni lile ua la bei kali linalowekwa ndani ya chungu katika ofisi za wakubwa. Ni jamaa moja. Tofauti ni kwamba orkide za kikanda haziishi juu ya miti. Zinaishi katika majani: kwenye nyanda za juu za Kundelungu, Biano na Kibara, katika miombo iliyo wazi, na zaidi katika dembo, yale mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa mvua. Tena jina lenyewe la orkide lilitoka chini ya udongo, si katika ua. Wagiriki wa zamani walichimba mmea wa namna hii, wakaona viazi viwili vya mviringo vimekaa sambamba, wakauita orchis, maana yake korodani. Kwa hiyo Wazungu nao walianza na kiazi, sawa vile watu wa Katanga.

"Ni kikanda, papa"

Ukimuuliza mama anayeuza viazi vikavu kwamba ni aina gani, atajibu: "Ni kikanda, papa, si unaona?" Ukisukuma zaidi: "Banatuletea tu kutoka kule pori." Jibu hilo si la ujinga. Kwa kazi yake linatosha. Kinachomhusu ni kama kiazi kinashika vizuri kikipikwa, kama kina utelezi unaotakiwa, kama si cha uchungu. Jina la Kilatini halimuongezei hata franga moja.

Shida inaanzia mahali pengine. Neno kikanda linafunika mimea mingi kwa mara moja, na mimea hiyo haina maisha ya namna moja. Mmoja unapatikana toka Katanga mpaka Tanzania na Malawi, na ukichimbwa hapa bado utaonekana kule. Mwingine unaweza kuwa unaishi juu ya mlima mmoja tu. Wote wawili wakiingia katika gunia moja, kwa jina moja, hakuna anayeweza kuona kwamba wa pili umeisha. Gunia litaendelea kujaa, kwa sababu litajazwa na ule wa kwanza, ama na wa tatu, na sokoni watu wataendelea kusema kikanda kiko.

Hapo njo penye hatari ya kweli. Samaki wakipungua katika ziwa, mvuvi anajua ni samaki gani, maana kila mmoja ana jina lake. Kwa kikanda, upungufu unajificha nyuma ya jina. Dalili zinazoonekana ni kwamba wachimbaji wanatembea mbali zaidi na viazi vinakuwa vidogo, na hapo aina fulani inaweza kuwa imekwisha kuondoka mahali hapo.

Na kuondoka kwake ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Orkide hizi zina viazi viwili chini, lakini havifanyi kazi moja. Kimoja ni cha zamani: kinaulisha mmea wa mwaka huu, na kadiri mmea unavyokua, chenyewe kinasinyaa. Cha pili ni kipya, kigumu, kimejaa: hicho ni akiba ya mwaka kesho. Mchimbaji anataka kile kigumu. Kwa hiyo kila kiazi kizuri kilicho sokoni ni mmea mmoja ambao hautarudi tena. Muhogo unakata mti wake, unaupanda upya, shamba linaendelea. Kikanda hakina mti wa kupanda.

Ua njo kitambulisho

Kwa nini basi wataalamu hawaji tu sokoni, wanaangalia gunia na kusema hii ni hii, ile ni ile? Kwa sababu mbele ya kiazi peke yake hata mtaalamu anakwama. Kiazi cha aina moja kinafanana na cha aina nyingine, na kikisha kukauka na kukunjamana, tofauti ndogo iliyokuwako inapotea. Kitambulisho cha orkide ni ua lake. Na ua linabaki porini.

Mwenye kulikuta lingali limesimama, kazi inakuwa nyepesi kidogo. Ua la orkide lina sehemu sita zinazofanana na majani ya rangi: tatu za nje, tatu za ndani. Moja kati ya zile za ndani ina umbo lake la pekee, na wataalamu wanaiita mdomo. Mara nyingi nyuma ya ua kuna kijimkia chenye tundu ndani, ambamo wadudu wenye ulimi mrefu wanatafuta maji matamu. Mdomo na mkia: hivyo viwili vinatosha kuanza kutenganisha koo kubwa zinazoingia katika kikanda.

Ukoo wa Satyrium ndio rahisi kuliko yote. Mdomo wake umekaa juu, umejikunja kama kofia, na nyuma yake inateremka mikia miwili. Ukihesabu mikia miwili katika kila ua, uko na Satyrium mkononi. Ukoo wa Disa nao una kofia, ila kofia hiyo si mdomo: ni sehemu ya nje ya juu, na mkia wake ni mmoja, unatoka katika kofia yenyewe. Habenaria mara nyingi ni ya kijani ama nyeupe, mdomo wake umepasuka kama vidole, na mkia unatoka chini katika mdomo. Platycoryne ni mmea mdogo, na aina inayoitwa Platycoryne crocea inajulikana kwa ua lake la rangi ya njano iliyoelekea machungwa. Neno crocea lenyewe ni rangi ya zafarani. Kuna pia Brachycorythis, yenye majani mengi yaliyopandana kwenye shina mpaka karibu na maua.

Halafu iko Eulophia, ambayo inawadanganya wengi. Maua yake ni mazuri, yanasimama katika dembo ileile, lakini ukichimba hukuti vile viazi viwili vya mviringo. Mchimbaji mwenye uzoefu anaipita bila kuinama. Ule ujuzi wa kupita bila kuinama ni sayansi, hata kama haukuandikwa mahali popote.

Toka ukoo mpaka aina, ndipo jasho linatoka. Ndani ya Disa peke yake, aina mbili zinaweza kutofautiana kwa urefu wa mkia kwa milimita chache, ama kwa jinsi kofia ilivyoinama. Rangi inadanganya, kwa sababu ua linafifia likizeeka, na likikaushwa kati ya magazeti linageuka la kahawia. Picha moja ya simu iliyopigwa toka mbele, nzuri sana ya kuweka kwenye WhatsApp, inaweza kukosa kabisa kuonyesha mkia. Na bila mkia, mtaalamu anabaki kukisia.

Gunia moja, aina kumi na sita

Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi waliyofanya katika masoko ya Zambia, jirani kabisa. Walihoji watu 82, wakachukua viazi, na wakasoma ADN yake. Walikuta aina 16 za orkide, kutoka koo 6 tofauti. Zilizoonekana mara nyingi zaidi zilikuwa Disa robusta, Platycoryne crocea na Satyrium buchananii. Aina tatu hazikuwa zimewahi kuandikwa kwamba zinauzwa. Yote hayo, sokoni, yana jina moja.

Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wamechapisha kazi nyingine juu ya chikanda chenyewe kilichokwisha kupikwa, na hata huko ADN ya orkide ilisomeka. Kwa hiyo mtu anaweza kufikiri shida imekwisha: wacha maabara ifanye kazi, ua la nini tena?

Hapo kuna kosa ambalo linarudiwa mara nyingi. ADN haitoi jina. ADN inalinganisha. Maabara inachukua kipande kidogo cha maandishi yaliyo ndani ya kiazi na kukitafuta katika maktaba ya vipande vingine, ambavyo kila kimoja kilitoka katika mmea uliotambuliwa kwanza kwa ua lake, na mtu aliyejua anachokiangalia. Kama mmea wa Kundelungu haujawahi kuingizwa katika maktaba hiyo, mashine itajibu kwa jina la ndugu yake wa karibu, ama itasimama kwenye ukoo. Katika kazi hiyo ya Zambia, sehemu mbili za ADN kati ya tatu zilizotumiwa ziliweza kufika paka kwenye ukoo ama jamaa. Mashine ya bei kali, mwishowe, inamngojea mtu aliyetembea katika dembo wakati wa mvua akiwa na daftari.

Na viazi vya Congo viko ndani ya biashara hiyo. Zambia hailishwi na mapori yake peke yake. Viazi vinaingia toka nchi za jirani, Tanzania, Angola, Malawi na hapa kwetu Katanga. Barabara ya kwenda Kasumbalesa inajulikana kwa malori ya shaba na kobalti. Gunia la viazi vikavu juu ya mzigo mwingine halimshtui mtu.

Majina yaliyoandikwa mbali

Si kwamba orkide za Katanga hazina majina. Zina majina, ila yalitolewa mbali na wale waliokuwa wakizila. Mwanzoni mwa karne ya 20 mimea iliyokusanywa karibu na Lukafu, chini ya Kundelungu, na ofisa Mbelgiji Edgard Verdick ilipelekwa Brussels, na mtaalamu wa mimea Émile De Wildeman akaichapisha katika kitabu chake juu ya mimea ya Katanga. Ndiyo maana iko orkide inayoitwa Disa verdickii. Nyingine ilipata bahati ya kubeba jina la nchi: Disa katangensis. Waliomwonyesha Verdick njia, na bila shaka baadhi yao walijua mmea upi unaliwa, hawamo katika jina lolote.

Kazi kubwa ya kupanga orkide za Congo, Rwanda na Burundi iliandikwa na Daniel Geerinck, vitabu viwili, 1984 na 1992, kwa Kifaransa. Ni kazi ya heshima. Lakini mimea iliyokaushwa ambayo majina hayo yanaegemea, sehemu kubwa imehifadhiwa Meise, nje kidogo ya Brussels. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kulinganisha ua alilookota kilometa chache toka nyumbani anategemea picha za intaneti za mmea ambao uliondoka hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Tena majina ya Kilatini yenyewe yanahama. Platycoryne crocea iliandikwa kwanza kama Habenaria. Mtu akisoma orodha ya zamani na orodha ya sasa anaweza kuhesabu mmea mmoja mara mbili, ama kufikiri umoja umepotea na mwingine umezaliwa. Wataalamu wana sababu zao za kuhamisha, na kwa kawaida sababu ni nzuri, lakini mtu wa kawaida anachoka.

Kwa upande wa pili, majina ya vijijini yanadharauliwa bila haki. Wachimbaji wanatofautisha. Wanajua kiazi chenye utelezi na kile kisichoshika, cha dembo yenye maji na cha kilima, cha kukauka haraka na cha kuoza. Majina hayo yanabadilika toka kijiji kimoja hadi kingine, na pengine jina moja linashika aina mbili, ni kweli. Lakini jina la kijiji likiwekwa pembeni ya ua lililokaushwa, pamoja na tarehe na mahali, linakuwa ushahidi ambao hata Brussels hawana.

Fomu inayoomba jina

Juu ya nini haya yote yahesabiwe kama habari ya leo, si somo la shule? Kwa sababu ya sheria. Congo, wakati ule ikiitwa Zaire, iliingia mwaka 1976 katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, CITES. Mkataba huo unashika jamaa nzima ya orkide, karibu zote katika kiambatanisho cha pili. Wengi wanafikiri maana yake ni marufuku. Hapana. Kiambatanisho cha pili kinaruhusu biashara ya kuvuka mpaka, kwa sharti kwamba kuwe na kibali, na kibali kitolewe baada ya wataalamu wa nchi kuona kwamba biashara hiyo haidhuru uhai wa aina hiyo porini.

Ya aina hiyo. Neno hilo moja linaangusha kila kitu. Kibali kinaomba jina la aina. Mama mwenye magunia mawili ya kikanda ataandika nini? Viazi vyake vimetoka katika aina tatu, nne, pengine kumi. Mwenye ofisi naye hawezi kukagua kama alichoandika ni kweli. Na mtaalamu anayetakiwa kusema kama mmea haudhuriki, hajui umebaki kiasi gani, kwa sababu hakuna aliyeuhesabu kwa jina lake. Orkide chache sana za ardhini za Afrika zimepimwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini.

Matokeo yake ni kwamba njia halali iko kwenye karatasi lakini hakuna anayeweza kuipita. Anayevusha anakuwa mvunja sheria hata kama anachimba kwa uangalifu, na anayechimba hovyo yuko naye sawasawa. Sheria ya namna hiyo hailindi ua na hailindi mama. Inamfungulia mlango mtu wa barabarani anayejua kuuliza "na kibali kiko wapi?" Ndani ya nchi, sheria ya uhifadhi wa asili ya mwaka 2014 na ulinzi wa hifadhi za Upemba na Kundelungu vina nguvu zaidi kwenye maandishi, lakini swali linabaki lilelile: mlinzi anayekamata gunia nje ya hifadhi atajuaje kama lilijazwa ndani?

Upande wa madini, ukosefu wa majina unauma kwa namna nyingine. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka kampuni ifanye uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba, na mimea ya mahali inaandikwa orodha. Uchunguzi huo ukifanyika katika miezi ya ukame, orkide ya majani haionekani hata moja. Shina limekauka, limeungua na moto wa pori, kilichobaki ni kiazi chini ya udongo. Orodha itatoka safi, bila kikanda ndani, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Inashangaza kidogo, kwa sababu Katanga ni nchi inayojua faida ya kutambua ua. Iko mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, ambao watafiti wameuita ua la shaba, kwa kuwa unaota kwenye udongo wenye shaba. Wenye kutafuta madini waliufuata, na hata wachimbuaji wa mambo ya kale waliutumia kupata mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Pale ua lilipoonyesha pesa, jina lake lilipatikana haraka.

Somo la Kitulo, na mipaka yake

Tanzania ilitangulia kuingia katika shida hii. Katika nyanda za juu za kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walionyesha kwamba mamilioni ya viazi vya orkide yanachimbwa kila mwaka na kuvushwa Zambia. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa, na maua yalikuwa sababu kubwa. Ni jambo la sifa, maana hifadhi nyingi za Afrika zilitengwa kwa ajili ya tembo na simba.

Hata hivyo biashara haikuisha. Mwaka 2014 bado ripoti zilikuwa zinaandika juu ya viazi vinavyovuka mpaka toka Tanzania. Ukifunga uwanda mmoja na njaa ya sokoni ikabaki ileile, mchimbaji anahamia uwanda mwingine. Katanga, kwa hesabu hiyo, inaweza kuwa ule uwanda mwingine.

Kuna wanaosema dawa ni kulima. Wazo ni zuri, ila orkide ni mkaidi. Mbegu yake ni vumbi, haina chakula ndani, na porini haiwezi kuota mpaka ikutane na uyoga wa udongoni unaoilisha. Watu wa Lubumbashi wanaopenda bowa wanajua kwamba uyoga hauotwi kwa amri. Hata hapo, kabla ya kulima lazima mtu ajue analima ipi kati ya zile kumi na sita, na ipi kati yake inakubali. Linarudi kwenye jina.

Hakuna haja ya kungojea mradi mkubwa ili kuanza. Simu iko katika mifuko mingi ya vijijini leo. Picha nne zinatosha kwa mmea mmoja: ua toka mbele, ua toka pembeni ili mkia uonekane, shina lote na majani yake, na mahali lilipo, kama ni dembo ama kilima. Kidole kikiwekwa pembeni kinasaidia kupima. Pamoja na picha, jina ambalo mchimbaji analitumia, kwa lugha yake, bila kusahihishwa. Mmea using'olewe kwa ajili ya picha. Kwenye kundi kubwa, shina moja lenye ua likikatwa na kukaushwa katika gazeti, kiazi kikibaki udongoni, linatosha kupelekwa kwa walimu wa mimea chuoni Lubumbashi. Na jambo moja ambalo vijana wanasahau: mahali penyewe pasiandikwe Facebook, kwa sababu mnunuzi naye anasoma.

Lakini kazi hiyo haitafanyika kama wachimbaji wanaogopa. Mtu akijua kwamba kuonyesha ua ni kujikamatisha, atasema hajui chochote, na ujuzi wake utabaki kwake. Serikali ya jimbo na wenye hifadhi wangefanya vizuri kutenganisha mambo mawili: anayevusha magunia usiku, na mama anayejua dembo ya kijiji chake tangu alipokuwa mtoto. Huyu wa pili ndiye mwalimu ambaye uchunguzi unamhitaji, na kama atatumia siku zake kuwaongoza wataalamu, alipwe kama mtu mwingine anayefanya kazi ya ujuzi.

Muda wa kazi hiyo ni mfupi. Mvua ikishika, mashina yanapanda katika majani, na kwa wiki chache kila mmea unaonyesha kofia yake, mdomo wake na mkia wake. Kisha ua linaanguka, majani yanageuka njano, moto unapita. Kufikia wakati huo viazi vimekwisha kutandazwa juu ya mifuko kando ya barabara, vinakauka, vyote vya rangi moja.